Vigae Vipya na Spika Zinazochoma Masikio

Jumatatu, 4 Mei

Mjukuu wangu, hiyo miguu unayo au umemwazima mtu? Tangu unifundishe herufi hizi na kuniachia kalamu, hujakanyaga hapa. Naandika ili ukija usome, uone haya. Kaa chini usome!

Mjomba wako kaweka sinema nzima sebuleni kwangu. Skrini pana kama mlango, spika tano. Kila Jumapili nyumba inajaa hadi watu wanakalia ndoo. Ndiyo raha yangu iliyobaki.

Wiki iliyopita nikaweka vigae. Zulia nikalikunja, mapazia mazito nikayashusha, mwanga uingie. Vinang'aa! Ukiinama unahesabu meno yako.

Sasa spika zimeingiwa na nini, sijui. Sauti imekuwa kali, inachoma. Mtu kwenye filamu akiweka kijiko, unadhani dirisha limevunjika. Mjomba wako anasema kichwa kinamuuma. Isipotulia kufikia Jumapili, anahamishia kila kitu kwa mama mkwe wake. Kwa yule! Anayewaita wajukuu wangu "wangu"! Wote watamfuata huko. Mimi nitabaki na saa ya ukutani.

Haendi mtu.

Jumanne, 5 Mei

Nimegundua. Spika mbili za mbele zilikuwa zimetazamana. Zinagombana! Watoto wakigombana unawatenganisha. Moja nikaipeleka jikoni, nyingine kwenye korido. Waya zilifika kwa taabu.

Jioni bwana wa filamu akafungua mdomo sebuleni, jibu likatokea jikoni. Mke wa mjomba wako akaangusha sufuria, akauliza nani kaingia. Mjomba wako akazirudisha, akahesabu waya zote. Angenifokea ningepumua. Akihesabu vitu, huyo tayari yuko njiani kwa yule.

Alhamisi, 7 Mei

Fundi wa spika kaja. Kaweka kipaza sauti kidogo, sawa na kidole, juu ya kochi pale panapokaa kichwa. Eti mashine inayoendesha spika italia tii, tuu, nacho kitasikiliza chumba, kisha mashine ijipange. Akatuomba kimya kabisa, akatoka kufuata waya kwenye gari.

Nikajiuliza, kitajuaje hii ni nyumba ya nani? Nikakiinamia, nikakisemesha kwa upole, kama mtoto mgeni. Nikakiambia kipunguze ukali, hapa pana watu wazima. Nikakieleza na habari za mkwe mwenzangu, zote, tangu harusi.

Mashine ikajipanga. Lo! Filamu ilipoanza, mbwa wa jirani wakajibu. Fundi akauliza nani alikuwa akiongea. Nikatazama dari.

Akapima upya, akaniambia, "Mama, spika ni nzima. Chumba ndicho kiko uchi." Eti sauti inagonga vigae na vioo, inarudi na ukali wake. Turudishe zulia na mapazia, tugeuze spika kidogo zisilenge kochi moja kwa moja, tupunguze sauti za juu kwa rimoti. Nikamwambia akamdanganye mama yake. Vigae vyangu vilale chini ya zulia kama wagonjwa?

Jumamosi, 9 Mei

Mjomba wako kaja na maboksi matupu. Kayapanga mlangoni.

Nikanywea. Zulia likatandikwa, mapazia yakapanda, spika zikageuzwa, rimoti ikabonyezwa. Mjukuu wangu! Sauti ikalainika, maneno yakaja mazuri, kama mtu anakunong'oneza sikioni. Mvua ikanyesha kwenye filamu, mimi nikatoka mbio kuanua nguo. Mjomba wako akacheka! Mara ya kwanza wiki nzima. Maboksi yakarudi garini.

Nimeshinda. Nilijua tangu mwanzo.

Jumapili, 10 Mei

Nyumba ilijaa pomoni. Mjomba wako akatoka kumpokea mama mkwe wake barabarani. Mimi nikasimama katikati ya sebule. Hajawahi kuviona vigae. Aingie akute zulia kuukuu? Akaseme kwake kuwa sina kitu?

Nikawainua wote. Toka! Simama! Kunja zulia! Mapazia nikayavuta mwenyewe, moja likashuka na fimbo yake.

Akaingia, akaganda. Akasema, "Mkwe, hapa umejenga hoteli!" Nikanenepa papo hapo.

Filamu ikaanza. Sahani ikavunjika humo ndani, na sisi wote tukavunjika nayo. Mkwe mwenzangu akaziba masikio. Kitindamimba wa mjomba wako akaangua kilio. Mjomba wako akaingia, akatazama sakafu, akatazama madirisha, akanitazama mimi. Akasema "Mama" tu. Akaanza kuchomoa waya, mmoja mmoja.

Wameondoka na maboksi. Kitindamimba kanipungia mkono kwenye kioo cha gari, kapakatwa na yule. Sebule sasa ni kubwa mno.

Nimekaa nikafikiri, nikaona kosa liko wapi. Ukuta ule wa mbele hauna kitu. Mtu akae atazame nini? Nimeagiza kioo, ukuta mzima, kutoka sakafuni hadi dari. Wakijiona humo na vigae chini yao, nani atatamani kwenda kwa yule? Spika watazirudisha wenyewe.

Jumamosi uje, na usianzie kwake. Vaa viatu vya kazi, kioo ni kizito, tutakibeba wawili. Na ukiondoka, ondoka na zulia. Linanijazia stoo bure.