Kuhusu Kitufe cha Kumi na Tisa

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kwaya, Kiwanda cha Magodoro,
Chumba cha pili baada ya stoo ya gundi.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na mgongo umepata nafuu. Najua wewe ni shemeji yangu, na juzi tu tulikula sahani moja. Lakini haya siwezi kuyasema mezani, maana kila nikifungua mdomo dada yako ananikanyaga mguu. Kwa hiyo nakuandikia kama mpiga kinanda anavyomwandikia Mwenyekiti wake, nawe unisome hivyo hivyo.

Nimepokea barua ya Kamati inayonishukuru kwa "utumishi uliotukuka" wa miaka kumi na minane, na kunijulisha kwamba Jumamosi ijayo, siku ya sherehe ya kiwanda, kitapigwa kinanda kipya tulichopewa na uongozi. Mpigaji atakuwa yule binti wa maabara ya kupima sponji. Mimi nimepangiwa mlangoni, kuwaonyesha wageni viti. Shemeji, samahani, Ndugu Mwenyekiti: barua hiyo niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama, mara ya tatu ikabidi nikae. Iliniuma. Binti simlaumu, ana vidole vyepesi na ananiamkia vizuri. Ugomvi wangu ni na kinanda chenyewe, na nimeyapanga malalamiko kwa namba ili Katibu asije akasema hakuyaona.

1. Kinanda kipya kinawaka papo hapo. Ukibonyeza tu, kiko tayari. Cha zamani, kama unavyojua, kumbukumbu yake ilikufa siku nyingi, kwa hiyo kila kikiwashwa lazima kilishwe sauti zake upya kutoka kwenye disketi, ile ninayoitunza ndani ya kopo la biskuti. Kazi hiyo huchukua dakika nne. Sasa jiulize, Ndugu Mwenyekiti, ile hotuba yako ya ufunguzi ya dakika nne ilizaliwa vipi? Ilizaliwa na disketi. Watu wanakusikiliza kwa sababu hakuna kingine cha kusikiliza. Ukileta kinanda kisichongoja, usinililie watu wakianza kupiga makofi ukiwa bado kwenye "awali ya yote".

2. Kinanda kipya hakijui kupisha. Cha zamani kina sauti thelathini na mbili tu za kutoa kwa pamoja. Ukizidisha, ile iliyoanza kusema inanyamaza yenyewe ili nyingine ipate nafasi. Nimehudhuria vikao vya Kamati miaka yote hii na sijaona mjumbe mwenye tabia hiyo.

3. Sitaki nionekane napendelea, kwa hiyo nakiri kasoro. Kinanda cha zamani ni kizito: kinataka watu wawili wa kubeba na mmoja wa kusema "polepole". Skrini yake imefifia, hivi kwamba naisoma kwa tochi niliyoiuma kwa meno, na kwa sababu hiyo siwezi kuimba nikiwa napiga. Baadhi ya wanakwaya wamesema hiyo si kasoro. Lakini hicho kipya binti anakibeba kwapani kama gazeti! Na yule mzee wa idara ya kufunga mizigo, aliyesema "polepole" kwa uaminifu miaka kumi na minane, Kamati imempangia kazi gani? Au naye aje mlangoni tugombanie wageni?

4. Kipya kina aina mia saba za sauti za kuchagua. Jumanne mazoezi yalianza saa kumi na moja, na hadi saa kumi na mbili kasoro tulikuwa bado tunachagua. Cha zamani kina sauti mia moja na ishirini na nane, nasi tunatumia nne, na kila mtu anazijua. Ya tano ni helikopta, iliyotoka kwa bahati mbaya kwenye mazishi ya mlinzi wetu, na wafiwa walikuja kutushukuru kwa kumsindikiza marehemu kwa heshima kubwa. Kipya kinyemi, walisema wahenga, ingawa kidonda.

5. Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Kitufe cheupe cha kumi na tisa kutoka kushoto, ambacho kwaya nzima inakiita Mstaafu, hakijatoa sauti tangu mwaka wangu wa kwanza. Hakishuki mpaka chini hata ukikiegemea. Fundi redio ameomba mara nne akifungue kinanda akitazame, nami nimemkatalia mara nne, kwa sababu mtu mzima hapasuliwi eti kwa kuwa amenyamaza.

Sisi hatusomi noti, Ndugu Mwenyekiti. Sisi tunasoma kinanda. Kila wimbo nimewafundisha kwa kuupiga, nao wakaimba walichosikia, na pale Mstaafu alipokaa kimya nao wakakaa kimya. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Leo kwaya yetu ina pumzi ambayo hakuna kwaya nyingine iliyo nayo. Kwenye mashindano ya viwanda jaji aliandika kwamba tuna "vituo vya ghafla vyenye nidhamu ya kutisha", tukashika nafasi ya pili. Ni kweli kwaya zilikuwa tatu na moja iliharibikiwa na gari njiani, lakini ya pili ni ya pili.

Jumanne binti alipiga wimbo wa kiwanda kwenye kinanda kipya, na Mstaafu akasema! Uliona mwenyewe. Sauti ya kwanza wakaendelea, besi mkasimama, sauti ya pili wakageuka kunitazama mimi. Karani wa stoo, aliyejiunga miaka sita iliyopita, aliuliza ile sauti imetoka wapi, maana yeye hakuwahi kuambiwa ipo. Dada yako hakuuliza kitu, aliinamisha kichwa tu, na njia nzima ya kurudi nyumbani hakuzungumza. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na sisi mshindo wetu mmetunyang'anya kwa mashine ya kubeba kwapani.

6. Kwa hiyo, kwa heshima zote, naiomba Kamati itekeleze yafuatayo kabla ya Jumamosi. Kwanza, kitufe cha kumi na tisa cha kinanda kipya kinyamazishwe na fundi anayeaminika. Pili, king'ora cha kumaliza zamu kibadilishwe, kwa sababu nimekisikiliza kwa makini na kinalia sauti ile ile ya Mstaafu, na hatuwezi kuwazoeza watu kunyamaza jioni huku kiwanda kinawapigia mchana. Tatu, birika kubwa la kantini nalo lichunguzwe. Likichemka sana linakaribia. Nne, wageni waalikwa watangaziwe mlangoni wasipige mluzi, kazi ambayo, kwa kuwa nitakuwa pale, niko tayari kuifanya. Na kama Kamati itaona ni vigumu kuharibu kitu kipya, basi njia ni nyepesi: kirudishwe cha zamani, ambacho tayari kimeharibika vizuri, na kirudi na mtu wake. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Nasema wazi, shemeji, maana tumefika mbali: naogopa. Kukata sponji nimekata maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kugeuka kunitazama. Nikiwa kwenye kinanda watu hamsini wananingoja niinue mkono ndipo wavute pumzi. Mlangoni nani ataningoja?

Nisalimie wifi wa mke wangu na watoto wote, mama mkwe (akija mwambie miwani yake aliisahau kwetu), Katibu na wote wa stoo ya gundi, mzee wa "polepole", na binti wa maabara pia, kwa moyo mweupe.

Ni mimi, nikisubiri jibu,
Mpiga Kinanda wenu (kwa sasa),
Idara ya Kukata Sponji.

Nyongeza: Nilishaweka sahihi ndipo nikawaza kwamba fundi atahitaji mfano, aone Mstaafu aliharibika vipi ili amharibu mwenzake vile vile. Kwa hiyo nimekifungua kinanda cha zamani mimi mwenyewe, hapa sebuleni kwangu kilikoletwa baada ya kipya kufika. Skrubu kumi na nne. Shemeji, Mstaafu hana ugonjwa wowote. Chini yake kuna kipande cha sponji ya njano, ukubwa wa ukucha, kilichokatwa kwa mshazari. Katika kiwanda chetu anayekata mshazari ni mmoja, kwa sababu anashika kisu kwa mkono wa kushoto, na ndiye anayekuandikia.

Nikakumbuka yote. Mwezi wangu wa kwanza kidole changu kidogo kilikuwa kinaangukia kitufe hicho kimakosa katika kila wimbo, na wewe, kabla hujawa shemeji, ulikuwa unanitupia jicho kutoka safu ya besi. Nikachomeka sponji kwa wiki moja tu, mpaka kidole kizoee. Kidole kilizoea. Sponji nikaisahau. Nimewafundisha watu hamsini kunyamaza kwa ajili ya kidole changu.

Nimekitoa kile kipande, nikawasha, nikangoja dakika zangu nne, nikapiga. Dada yako akatoka jikoni mikono imelowa, akasimama mlangoni, akauimba ule mstari wote bila kukata. Anasema ndivyo alivyokuwa akiuimba tangu usichana, kabla sijaja. Miaka yote hii alinyamaza pale kwa kudhani mimi ndiye ninayejua. Nilishindwa kumtazama, nikaendelea kupiga, naye akaendelea kuimba.

Kwa hiyo malalamiko namba moja hadi sita yafute. King'ora kiacheni kilie, na birika pia. Jumamosi nitakuwa mlangoni mapema, viti nitavionyesha. Ila muulize binti kama siku za Jumatatu anaweza kumvumilia mwanafunzi mzee mwenye vidole vizito. Kipande cha sponji kimo ndani ya bahasha hii, mpe yeye. Mwambie kidole chake kikikosea mbele ya watu, akiache kikosee, asikitumie hiki hata kwa wiki moja.