Mkasi wa Godefroid na Betri Iliyolala Chini ya Blanketi

Sogeeni, enyi wenye masikio, nanyi mliofunika yenu kwa kofia za sufu, maana habari hii ni ya mwezi wa saba mjini Lubumbashi, wakati baridi ya alfajiri humfanya hata jogoo aahirishe kuwika. Sogeeni msikie vita alivyopigana Godefroid mwana wa Nkandu, fundi wa cherehani, bingwa wa makoti, mwenye mkasi usiokata kitu ila nguo, siku Toyota yake ya kijivu ilipokataa kuwaka.

Wala msidhani vilikuwa vita vya bure. Mama mkwe wake, Mama Agnès, mgeni wa wiki mbili, alikuwa na ndege ya saa mbili asubuhi kutoka uwanja wa Luano kwenda Kalemie. Ndege hiyo huruka Alhamisi tu. Jumamosi binti yake wa mwisho, Princesse, angeolewa huko, na harusi bila mama wa bibi harusi ni mboga bila chumvi. Naye Godefroid, mbele ya ukoo mzima, alikuwa ameapa kumfikisha mwenyewe.

Shujaa hakuwa mzembe. Akijua kwamba baridi huinyonya betri nguvu, jioni aliing'oa, akaipakata kama mtoto mchanga, akailaza jikoni kando ya mbabula yenye makaa, akaifunika blanketi zito lenye picha ya simba. Blanketi lilikuwa la nani, hakuuliza. Kulipopambazuka akairudisha mahali pake kwa vidole vilivyokufa ganzi, akaketi kwenye usukani, akageuza ufunguo. Taa zikang'aa, gari likasema “tak”, taa zikazimika. Akageuza tena. Tak. Hapo shujaa akaogopa, nami simfichi.

Jirani yake Guelord akatoka na nyundo, silaha yake ya pekee kwa kila ugonjwa. Akahukumu kwamba démarreur, ile mota ya kuwashia injini, imekufa kwa baridi, akaipiga mpaka mbwa wa mtaa wakalalamika. Kisha wakalisukuma gari hadi kona na kulirudisha, lakini gari la otomatiki ukilisukuma, umejipasha moto tu. Annie, mke wa Godefroid, akatoa simu, akamwambia mumewe ana dakika kumi, halafu anaita taksi.

Godefroid akasimama, mgongo wima, akahutubia mtaa. “Miye, mutoto ya Nkandu, nilishonaka makoti ya bantu ya cheo,” akasema. “Mama ya bibi yangu hataingia mu taksi kama gunia ya makala ya mbabula. Kama ni kushindwa, nishindwe hapa, mbele ya capot ya gari yangu.”

Ilikuwa hotuba nzuri, na gari halikuisikia.

Mama Agnès alikuwa ameketi mlangoni, amewapa mgongo. Kwao mama mkwe na mkwe wake hawasemezani uso kwa uso, na kwa miaka minne hawa wawili walikuwa hawajavunja heshima hiyo hata kwa kuombana chumvi. Lakini mama huyu alikuwa mjane wa fundi umeme wa reli, na masikio yake yalikuwa yamekwisha kusikia ugonjwa. Akaligeukia sanduku lake la safari, lile aliloliita valizi.

“Valizi,” akasema, “pale gari inakataa, mataa inabakia ao inazimika?”

Godefroid akalitazama gurudumu la mbele. “Pine,” akalijibu, “mataa inazimika yote.”

“Basi démarreur iko muzima, valizi. Na baridi iko inasingiziwa tu. Ni ile chuma inashika kichwa ya betri, iko na buchafu, tena inacheza. Bwana yangu alinifundishaka ile mu gare ya treni ya Kabalo.”

Godefroid akafunua boneti. Kweli: kichwa cha betri kilikuwa na unga mweupe, na kishikio alichokirudisha kwa vidole vya ganzi kilizunguka kama pete ya kuazima. Kilitaka kukwanguliwa na kukazwa kwa bati. Zimebaki dakika nne, na Guelord hana ila nyundo.

Ndipo macho ya shujaa yakauangukia mkasi uliolala kando ya cherehani barazani. Mkasi wa marehemu baba yake! Annie aliwahi kuukatia mkia wa samaki, wakanuniana siku mbili. Godefroid akaupangusa kwenye shati, akaomba radhi kwa aliyemwachia, akakwangua. Akakata kipande cha kopo la nyanya, na makali yalipolia kwenye bati, machozi yalimlenga. Akakizungushia kichwa cha betri, akarudisha kishikio, na nyundo ya Guelord ikapata kazi ya halali: mapigo mawili.

Akageuza ufunguo. Toyota ikanguruma, mtaa ukapiga vigelegele, na Annie akarudisha simu mfukoni.

Walifika Luano saa moja kasorobo. Mama Agnès akashuka, akaliweka sanduku chini, akaliinamia.

“Valizi,” akasema, “mu ile nyumba iko mwanaume. Mukasi ya baba yake, aliikatia boîte ya nyanya juu siye tusikose ndege.” Akalipangusa vumbi. “Lakini mwaka kesho tukirudi, ile bulangeti ya simba itufunike siye. Betri haina mbavu.”

Godefroid akalijibu gurudumu, kwa sauti ndogo sana, kwamba limesikia. Na mtaani kwao tangu siku ile tarehe huhesabiwa hivi: kabla ya mkasi kukata bati, na baada yake.