Juisi ya Matofaa na Uenyekiti wa Kina Mama

Jumatatu, 5 Novemba 2007

Jumapili kina mama wa kanisa tunachagua mwenyekiti. Mimi au Atong. Atong! Mwanamke anayeunguza hata chai! Yeye ndiye ameshika ufunguo wa stoo ya sufuria, na nikitaka kuazima moja lazima nimbembeleze. Khalas, imetosha. Safari hii ufunguo ni wangu.

Soda kila mtu hutoa. Mimi nitawapa juisi ya matofaa, kama ya yule mama mzungu niliyemfulia nguo Limuru wakati wa ukimbizi. Alikamua, akatia sukari na hamira, akaacha siku kadhaa. Alikunywa huku anafuma sweta, na hakukosea hata kitanzi.

Jumanne

Bille, Msomali wa duka la kona, ameniuzia katoni ya matofaa. Ameapa wallahi yamefika leo kutoka Kenya. Nikamwambia basi yamekuja kwa miguu, ndiyo maana yamechoka hivi.

Mjukuu wangu Achol ameyatwanga. Ati habuba, yaani bibi, mikono inauma. Mimi nilitwanga mtama wa ukoo mzima nikiwa na mimba ya baba yake!

Alhamisi

Jerikeni nililotilia juisi na hamira limevimba kama mbuzi mwenye tumbo. Kifuniko kimeruka, kikampata jogoo.

Bille amepita, akanusa, akarudi nyuma. Ati habuba, hii ni pombe. Nikamuuliza, wewe Mwislamu hujaonja tone, pombe umeijulia wapi? Pombe ni marisa, hutoka kwenye mtama. Matofaa hupelekewa wagonjwa hospitali! Akaenda zake anatikisa kichwa.

Nimeongeza sukari.

Jumapili

Aibu. Aibu yao, si yangu!

Baada ya misa nikagawa vikombe. Wakasifu, wakaomba tena. Mama Lodu akaramba hata kikombe cha jirani. Atong na kikundi chake kidogo wakakataa, ati hawanywi cha mshindani. Wivu.

Katekista Severino akasema kila mama asimame nyuma ya anayemtaka, maana wengi hawasomi karatasi. Wakaja kwangu karibu wote! Wanaimba, wananining'inia shingoni. Kisha mmoja akaketi. Mwingine akamlalia. Mama Lodu akaanza kumlilia ng'ombe aliyekufa zamani za vita. Mstari wote chini, kama mtama uliopigwa na mvua.

Nikapiga kelele, simameni, wanawake hovyo nyinyi! Wakanipigia makofi.

Severino akasema yeye huhesabu waliosimama. Nyuma yangu amebaki Achol tu, naye si mwanachama. Atong akashinda na watu wake sita. Akaninong'oneza, pole dada yangu, ukitaka sufuria ya kupikia uji wa walevi wako, njoo uombe.

Jumatatu

Nusu ya mtaa wetu wa Kator wanaumwa kichwa, na wote wanataja jina langu. Severino amekuja kunionya nisilete tena kinywaji kanisani. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Mimi si mkaidi.

Alipoondoka nikafikiri vizuri, nikaliona kosa. Miguu! Uchaguzi wa kusimama hauna haki kwa wanawake waliochoka. Nimedai urudiwe, na kila mama aje na kiti chake.

Achol nimemtuma kwa Bille. Katoni mbili.