Mgongo wa Yuda Kanisani Monteverzo

Baraza Tukufu la Monteverzo lilitangaza kwa tarumbeta kwamba, kwa ajili ya amani ya mji, ni marufuku Yuda atakayechorwa kanisani kufanana na mtu yeyote. Raia atakayejiona amefananishwa, alete malalamiko. Amri hiyo niliiandika mimi, Baldo, katibu wa Baraza, na hadi leo naiona ya busara.

Fundi Neruccio alikuwa akichora Karamu ya Mwisho kwenye ukuta wa kanisa letu, rangi juu ya lipu mbichi. Nyuso alizitoa mjini. Petro alipewa uso wa mwashi, Yohana wa kinyozi, nao wakawa wanaringa sokoni. Alibaki Yuda.

Raia hawakuja. Alikuja diwani Lapo, msimamizi wa ghala la ngano.

"Yule Yuda ni mimi," akasema.

"Bwana Lapo, bado hajachorwa."

"Najua. Lakini jana fundi kanitazama sana."

Kufikia jioni madiwani wote walikuwa wamelalamika, na wawili walikabana wakigombea pua ya Yuda ni ya nani. Malalamiko yangu niliyapokea mwenyewe.

Tukamwendea fundi. Alikuwa akikoroga chokaa.

"Nyuso zimeniishia, waheshimiwa," akasema. "Mmezichukua zote."

"Basi mgeuze," akasema Lapo. "Mgongo hauna mwenyewe."

Akamgeuza. Yuda akakaa ametupa kisogo, mabega yamelegea, mkono mmoja umeficha mfuko nyuma ya kiuno. Joho lake ni jekundu, la kawaida tu, kama letu sisi wa Baraza. Wachoraji walitoka hata mji wa Firenze kuja kulitazama. Walisema hawajawahi kuona aibu ikichorwa kwa kitambaa peke yake. Tulijivunia sana.

Jumapili ibada ilipokwisha, Lapo akatangulia mlangoni. Piera, muuza samaki, akasema taratibu, "Yuda huyo anaondoka. Kwani karamu imekwisha?"

Kanisa zima likacheka. Lapo akageuka upesi kumkabili, na walio upande wa pili wakaanza kucheka upya.

Tangu hapo Baraza hutoka kanisani kinyumenyume, kwa heshima ya altare. Wageni hutusifu kwa uchaji.

Wiki iliyopita Lapo alikosa ngazi, akaanguka chali uwanjani. Watu wakamzunguka.

"Mwacheni hivyo hivyo," akasema Piera. "Akiinuka tutauona mgongo."

Nilitaka kumsaidia, lakini ingebidi niiname, na watu walikuwa nyuma yangu.