Birika la Mama Mkwe Ndani ya Tanuri

Jumatatu, 4 Machi
Leo tumepakua gia. Ziliingia zimefifia, zimetoka zinang'aa kama sahani mpya! Tanuri letu halina mchezo. Pampu hunyonya hewa yote kwanza, ndipo moto unapandishwa, kwa hiyo chuma kinakomaa bila kutu wala masizi. Miaka yote hii kiwandani, na bado nasimama mdomo wazi. Fundi Mkuu huweka kiganja ukutani, akasikiliza pampu, akajua kama mlango umeziba sawasawa. Mama yule ni kiboko. Ametangaza kwamba Ijumaa atachagua msaidizi wake. Ni mimi au mwenzangu tunayemwita Miwani. Miwani! Mtu anayevaa glavu nyeupe hata kubeba kikapu kitupu, eti jasho la vidole huacha alama.

Jumanne, 5 Machi
Balaa. Nimeunguza birika la mama mkwe, lile la shaba ya njano. Jeusi tititi! Anakuja Jumamosi, na mke wangu amesema lisipong'aa mimi mwenyewe nitamweleza mama yake. Nikawaza. Ni mashine gani ninayoijua inayotoa vyuma vikiwa vinang'aa? Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumatano, 6 Machi
Nimelificha birika katikati ya gia. Miwani akauliza mbona kikapu kimeinama upande mmoja. Nikamwambia ashughulike na glavu zake. Mlango ukafungwa. Nikachungulia kwenye kioo kidogo: wekundu, kisha rangi ya chungwa, moshi hakuna hata kidogo. Uzuri ulioje! Halafu kioo kikaingia ukungu. Nikajipa moyo kwamba ni macho yangu.

Alhamisi, 7 Machi
Si macho. Gia zote zimevaa ngozi ya kijivu, kuta za tanuri vilevile. Birika limetoka jekundu, lina vishimo kama lililougua ndui. Fundi Mkuu aligusa ukuta kwa kidole, akasema shaba ya njano ina zinki, na zinki ikipata moto pasipo hewa hugeuka mvuke na kugandia kila kitu. Kutazama mara moja tu! Akauliza birika ni la nani. Nikasema sijui, labda la Miwani. Hapo hapo mlinzi akaingia, akasema mke wangu yuko getini, anauliza kama birika la mama yake limeshang'aa.

Ijumaa, 8 Machi
Miwani ndiye msaidizi. Anastahili, shetani yule: hajawahi kuacha alama ya kidole popote. Roho imeniuma, nusura nilie. Mimi nimepewa kusugua tanuri kwa ndani, na nikirudia nifungashe virago. Fundi Mkuu alieleza pia habari za alumini, mambo ya kuyeyuka sijui, lakini nilikuwa nimeingiza kichwa ndani nikishangaa vipasha moto vilivyopangwa kuzunguka pande zote. Kazi safi! Sikumsikia vizuri.

Jumamosi, 9 Machi
Mama mkwe amefika. Ametazama birika, kisha mimi, kisha birika. Amesema binti yake alikuwa na wachumba wengine. Lakini tanuri halina kosa. Kosa ni la zinki. Nimeichunguza sufuria kubwa aliyokuja nayo mama mkwe, imejaa masizi. Muuza vyombo wa mtaani ameniapia kwamba ni alumini tupu, zinki hakuna hata chembe. Nimeshaificha kwenye mfuko wa kazini. Jumatatu watanitambua!