Hotuba ya Kuzindua Mradi wa Kufungua Kifuniko cha Msumeno

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa unyenyekevu mkubwa ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Dharura ya Vifuniko, ambaye pia, baada ya kuombwa sana na nafsi yangu, ni mimi. Dereva wangu mchapakazi. Fundi wetu wa msumeno. Mama mkwe wangu mwenye nyumba hii, uliyekaa nyuma ya cherehani yako. Mke wangu, uliyesimama pale mlangoni na begi. Waandishi wa habari mlioalikwa na ambao bado tunawasubiri. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Ni ya dereva.)

Nimesimama mbele yenu asubuhi hii, juu ya kiti hiki, nikiwa na furaha isiyopimika kwa vipimo vilivyopo, kuzindua Mradi Jumuishi wa Ufunguaji Endelevu wa Vifuniko Vilivyokwama, ambao kwa mujibu wa makadirio ya awali niliyoyafanya nikinyoa ndevu, utawanufaisha wananchi wote wenye vifuniko na, katika awamu ya pili, hata wasio navyo. (Minong'ono.)

Naomba niwarudishe nyuma kidogo, kimchakato. Wiki mbili zilizopita upepo ulivuma bila kibali cha ofisi yangu, ukang'oa mti mkubwa uliokuwa kando ya uzio huu, na mti ukalala mlangoni kwa mama mkwe wangu, mlango ukagoma kufunguka hata kwa upana wa kijiko. Nyumba hii, kama mnavyoiona, ina mlango mmoja. Mama, ambaye ni fundi cherehani tegemeo wa mtaa mzima na mwenye goti bovu la miaka mingi, akabakiwa na njia moja ya kutokea, yaani dirisha la sebule. Sikulala. Ndani ya saa moja niliagiza msumeno wa mnyororo, ule mmoja tu tulio nao, uletwe pamoja na fundi wake, huyu mama mwembamba ambaye wenzake wanamwita Kimya, kwa sababu akishauwasha hakuna mwingine anayesikika. (Kicheko.)

Kimya akafungua tangi la msumeno ili amimine mafuta. Hapo ndipo mimi, kama kiongozi anayeguswa na shida za watu, nilipoona umuhimu wa picha. Nikamwomba apishe kidogo. Nikachukua kifuniko, nikakiweka mahali pake, nikatazama simu ya dereva, nikakaza. Sikukaza kama mtu wa kawaida, ndugu zangu, nilikaza kizalendo, kwa mikono miwili na goti moja, huku Kimya akiniambia, "Bosi, kimekaa upande, hakijaingia kwenye njia yake." Nikamjibu kwamba masuala ya kiteknikali tutayashughulikia baada ya picha. (Jirani mmoja: "Na picha yenyewe ilitoka na ukungu.") Asante, jirani, fidibeki yako imepokelewa.

Tangu dakika ile kifuniko hakikutoka. Mafuta yapo kwenye dumu, tangi ni tupu, mti umelala, na Kimya anasema nimwachie mashine kwa nusu saa tu. Lakini mali ya umma haiachwi hivi hivi, kwa hiyo nilipiga marufuku mtu yeyote kuigusa mpaka kamati ikae. Na kamati ilikaa, tena vikao tisa. Cha kwanza kilitafuta maana ya neno "kukwama." Cha pili mpaka cha sita vilijadili kama kifuniko hufunguliwa kwa kuzungushwa kulia au kushoto, na kwa kuwa tulitaka kuwa na uwiano, tulizungusha kulia asubuhi, na jioni tukazungusha kulia tena. (Kicheko kirefu.) Tukafanya utafiti. Tuliwahoji wananchi thelathini na watatu, na asilimia tisini na saba wakasema "fungueni tu." Asilimia tatu iliyobaki, ambayo ni mama mkwe wangu, ilitoa jibu lisilosomeka mbele ya watu. (Mama mkwe: "Soma.") Muda hauruhusu, mama.

Wakati mchakato ukiendelea, wateja walipimwa nguo kupitia dirishani, wao wamenyoosha mikono nje na mama ameinama ndani na futi yake, jambo lililosababisha, kwa takwimu nilizonazo, suruali nne zenye mguu mmoja mfupi. Siku ya nne mke wangu akahamia humu ili amsaidie mama yake kupanda na kushuka. Alipitisha begi kwanza, kisha miguu, akaniambia, na ninamnukuu kwa ajili ya kumbukumbu, "Nikitoka humu nitatokea mlangoni." Nikarudi nyumbani. Nikala mkate mkavu nimesimama, mihuri yangu yote ikiwa mezani, na hakuna wa kuniuliza siku ilikwendaje. Hilo halimo kwenye ripoti.

Siku ya kumi na mbili mama mkwe wangu aliteleza. Gauni lake lilinasa kwenye komeo la dirisha, akabaki ananing'inia, kichwa nje, kiatu kimoja ndani, mke wangu akimshika kiuno na muuza maji akimpokea mabega kwa nje. Nilikuja mbio, bila faili. Nikamkuta amekaa juu ya ndoo, goti limevimba. Nilijiandaa kutukanwa. Akanitazama tu, akasema, "Mwanangu, mimi nimechoka."

Kimya hakuomba kibali. Aliutoa msumeno kwenye gari, akauweka chini, akafagia unga wa mbao ulioziba ukingo wa kifuniko kwa brashi kuukuu ya rangi, akakizungushia kipande cha tyubu ya baiskeli ili mkono upate kushika. Akaniambia, "Bosi, shika mashine hapa. Usinisaidie, shika tu." Nikashika. Akagongagonga pembeni kwa mpini wa bisibisi, akakibonyeza, akakizungusha kushoto, taratibu, kama anayemgeuza mtoto aliyelala. Kikatoa mlio mdogo wa pumzi, kikatoka. Mafuta yakamiminwa, na kabla ya saa sita mti ulikuwa vipande na mlango uko wazi.

(Makofi ya watu wote. Mheshimiwa anainamisha kichwa kuyapokea.)

Asanteni. Sasa, siku hiyo mimi nilisimama hapa nje na mwavuli kumpokea mke wangu. Akatoka mlangoni, kama alivyoahidi, akanionyesha simu yake, ambako taarifa yangu ilikuwa imeshasambaa yenye kichwa kisemacho "Kiongozi Afungua Kifuniko kwa Mkono Wake." Akageuka, akarudi ndani. Akaniambia nitakapowaeleza watu nani alikikwamisha na nani alikifungua, ndipo atakaporudi nyumbani. Na hiyo, wadau wapendwa, ndiyo fremu pana ya uzinduzi huu. Kupitia mradi huu tutajenga Kituo cha Umahiri cha Vifuniko, tutawajengea uwezo maafisa mia mbili, kila kaya itapata mshauri wake wa kifuniko, na kufikia dedlaini ya mwisho wa mwaka tutakuwa tumefungua... (Mke wake: "Mume wangu, jua linapanda.") Naelekea huko, mama watoto, naelekea huko.

Nikisema "Kifuniko," mjibu "Kifunguke." Kifuniko. (Dereva: "Kifunguke.") Tangi. (Hakuna anayejibu.) Tangi halina jibu lililopangwa, ni kosa la uratibu.

Kwa kumalizia, natoa shukrani. Namshukuru Kimya, kwa kuwa ndiye aliyekifungua kifuniko nilichokikwamisha mimi, kwa mikono yangu na goti langu, na alikuwa ameshanionya. (Watu wanageuka kumtazama Kimya. Anatazama chini, anatabasamu.) Nawashukuru wajumbe wa kamati, yaani dereva na mimi. Nawashukuru ninyi mliofurika hapa, ingawa nimenong'onezwa kwamba mmekuja kuchukua nguo zenu na kwamba foleni ilianza kabla sijapanda kiti. Namshukuru mwenye shuka hili nililoliandikia jina la mradi kwa chaki. Namwona ameinua mkono, analitaka. Na mradi wenyewe naushukuru kwa utulivu wake, kwa maana haupo. Hauna ofisi, hauna faili, hauna hata kifuniko kingine cha kufungua. Niliutunga jana nikitafuta njia ndefu ya kusema sentensi moja, na sentensi yenyewe nimeshaisema.

(Mke wake anashuka ngazi za mlangoni, anampa begi.)

Ni zito, ndugu wananchi. Asanteni kwa kunisikiliza. Naomba mtupishe, tunaelekea nyumbani.