Benzi la Marehemu na Mnunuzi Asiyemaliza Kuamua

Temeke, nyuma ya soko
Mei, 1975

Kwa Ndugu Mwishehe,
Balozi wa Nyumba Kumi

Ndugu Balozi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, kwa sababu ni ndefu, na yaliyomo hayafai kusomwa kwa kusimama. Ningeweza kuja mwenyewe, maana kutoka kwangu hadi kwako ni kuvuka mfereji tu. Lakini nikija utanikaribisha chai, nikinywa chai nitacheka, na nikicheka utasema jambo lenyewe si zito. Ni zito. Nimeliandika ili libaki zito.

Mimi ni Adelina, fundi cherehani, mjane wa marehemu Albano, mama wa Eufrazia. Unanijua, naandika hivyo kwa ajili ya Katibu wa Tawi, endapo utaona shauri hili limekushinda ukampelekea. Ninayemlalamikia ni Ndugu Polikarpo, karani wa ghala la korosho, mgane, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Ndugu huyu anaamua kama atanunua gari la marehemu mume wangu. Alianza kuamua kabla masika hayajaanza. Sasa masika yanakwisha, naye bado anaamua.

Gari ni lile benzi la dizeli, rangi ya maziwa, lililoingia nchini kabla ya Uhuru. Albano aliuziwa na mtaalamu mmoja wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao, naye alilipenda hata nikawa namuuliza kama analala humo au ndani. Alipofariki, likabaki bandani, kuku wakalihamia. Mimi kuendesha sijui. Isitoshe, siku hizi mwenye benzi ni bwanyenye hata kama chakula chake ni muhogo wa kuchemsha, na nilichoka kuitwa Mama Benzi na watu wanaokuja kubandikiwa viraka. Nikatangaza kuliuza kwa bei ya kutupa, nipate cherehani ya pili. Wengi walilipenda kwa macho. Aliyebisha hodi ni Polikarpo peke yake. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Siku ya kwanza alikuja kwa adabu zote. Alivua kofia, akalizunguka gari akiligonga kwa kidole kama mtu anayechagua nazi sokoni. Akauliza linakunywa dizeli kiasi gani, na kama lina tabia ya kuchemka. Nikamjibu nilichokijua. Akasema, "Mama Eufrazia, gari ni zuri na bei ni ndogo. Hiyo bei ndiyo inayonitia wasiwasi. Niache nikafikiri." Nikamwacha. Nilidhani atakwenda kufikiria kwake.

2. Anafikiria kwangu. Kila jioni akitoka ghalani anafungua boneti, anachungulia, anaguna, anafunga. Mwanzoni alikuwa anakuja na ovaroli yake kwapani. Siku hizi inalala kwangu, imetundikwa kwenye msumari wa mlango wa nje, imetanua mikono kama mwenye nyumba. Mpita njia anaona ovaroli ya mwanamume kwenye mlango wa mjane, Ndugu Balozi, na haijaandikwa popote kwamba ni ya mnunuzi.

Hapa lazima niseme jambo moja. Jioni aliyoliwasha kwa mara ya kwanza, hakunitahadharisha. Nilikuwa ndani nashona shati la shule. Gari kuukuu la dizeli haliwaki hivi hivi. Linapashwa moto kwanza, linakohoa, halafu ndipo linanguruma. Tangu Albano azikwe, mlio ule sikuwa nimeusikia. Nilishona mkono wa shati nikauziba kabisa, mtoto asingeweza kutoa hata kidole. Nilipotoka nje, Polikarpo akanitazama usoni, akazima upesi, akasema, "Unisamehe, sikufikiri." Nikamwambia aliwashe tena. Tukasimama tukilisikiliza mpaka kuku wakarudi. Hilo silihesabu kuwa kosa lake. Nalalamikia shati.

3. Majaribio. Alisema gari kuukuu la kifahari ni kama bwana harusi mzee: usitazame alivyovaa, mpandishe mlima. Basi akalipandisha mlima Pugu. Likapanda. Akasema tupu si kipimo. Akalipandisha tena nikiwa ndani mimi, jirani yangu Bi Tunu, na magunia ya mkaa. Likapanda. Akasema mkaa haulalamiki, tulipime kwa watu. Tukaenda ubatizo Gongo la Mboto, gari limejaa mpaka wengine wamepakatana. Tukaenda msibani Tabata, alipime kwa mwendo wa polepole. Tukambeba bibi harusi wa Yombo, aone kama mlango unapitisha gauni. Sasa hakuna nyumba katika zile kumi ambayo haijajaribiwa. Wewe mwenyewe, Ndugu Balozi, ulipoumwa jino ulipelekwa hospitali ukiwa umelala kiti cha nyuma, na ulitushukuru hata machozi yakakutoka. Usitushukuru. Alikuwa anapima breki.

4. Anatengeneza asichokinunua. Alianza na honi, ambayo ilikuwa inalia yenyewe kila gari likikata kona. Halafu akaziba banda, akisema maji ya mvua yanaozesha bati la gari. Nikakubali, hilo linahusu gari. Lakini kutoka bandani akahamia paa la nyumba, eti maji ya paa ndiyo yanayomwagikia banda. Kutoka paani akashukia mlango wa jiko. Wiki iliyopita nimemkuta amepiga magoti chini ya cherehani yangu, anatia mafuta kanyagio. Nikamuuliza, "Na hii nayo ni sehemu ya benzi?" Akasema, "Mama Eufrazia, mnunuzi makini anaangalia na mazingira." Matokeo yake gari limekuwa zima kuliko lilivyokuwa. Juzi kanijia kwa huzuni kwamba benzi limepanda thamani, na mtu wa kipato chake hawezi tena kulinunua kwa bei ile bila kunidhulumu.

5. Jumapili. Kama ujuavyo, magari hayaruhusiwi barabarani Jumapili ikishapita saa nane mchana, kwa ajili ya kubana mafuta. Nilijua siku hiyo angalau nitapumzika. Akaja baada ya misa, suruali imenyooka, akaniambia gari lazima lichunguzwe pia likiwa limepumzika. Akaketi kwenye usukani. Akaniomba niketi upande wa pili, kwa sababu mtu mmoja analielemeza upande na springi zinadanganya. Tukakaa hapo bandani, vioo tumevishusha, nimebeba bakuli la karanga. Bi Tunu akapita na ndoo yake, akainama dirishani: "Nyie, safari ya wapi?" Polikarpo akamjibu, "Tunaamua." Bi Tunu amelieneza neno hilo mpaka bombani. Sasa wanawake wakiniona wanauliza, "Mmeshaamua?"

Siku hiyo ndiyo aliyonieleza hofu yake. Alisema karani wa ghala akionekana ndani ya benzi, watu hawatauliza benzi lina umri gani wala lilipatikana kwa bei gani. Watauliza korosho zimekwenda wapi. Ana miaka mingi pale na hajawahi kuchukua hata ya kutafuna. Nikaona kweli, ni mtu mwenye jina la kulinda, na mimi nina langu. Nikamwambia basi asilinunue, yaishe. Akashika usukani, akasema, "Na nisipolinunua, nitakuwa nakuja hapa kwa sababu gani?" Nikamsogezea bakuli la karanga. Swali hilo halikuhusu gari.

6. Amenifukuzia wateja. Alikuja Ndugu Adelard, mfanyabiashara wa Tabata, na kijana wa kumwendeshea. Hakulizunguka. Hakuligonga. Alisimama mlangoni, akasema, "Mama, mie nalichukua. Leo leo." Nilipaswa kufurahi, Ndugu Balozi. Badala yake nikahisi nimetukanwa. Mtu gani anachukua benzi bila hata kuuliza kwa nini mlango wa nyuma haufunguki kwa ndani? Nikajikuta namweleza kwamba linakula oili kama jini, kwamba lina mlio usioeleweka, kwamba marehemu hakuliamini nyakati za mvua. Hakuna hata moja lililo kweli. Akasema, "Hata likiwa banda la kuku nalitaka." Nikamwambia tayari ni banda la kuku, na kuku wana haki zao. Akaondoka akitikisa kichwa. Haya yote ni makosa ya Polikarpo, aliyenizoesha wanunuzi wanaofikiri.

7. Heshima yangu. Wifi yangu Rosalia, dada wa marehemu, amekuja kutoka Masasi kunitembelea. Jioni ya kwanza akakaa barazani akimtazama mtu aliye chini ya gari, miguu tu ndiyo inayoonekana. Akaniuliza, "Yule ni fundi?" Nikasema ni mnunuzi. "Ananunua nini?" Nikamwonyesha gari kwa kidole. Lakini wifi hakuwa anatazama gari. Alikuwa ananitazama mimi. Akasema, "Haya. Mpe chai basi, mnunuzi wako." Kisha akaingia ndani akiimba kwa sauti ya chini, na wifi yangu haimbi mpaka awe na habari ya kupeleka nyumbani. Najua kwamba sasa Masasi nzima itajua. Najua pia kwamba hakukasirika, na hilo ndilo lililonikosesha pa kushika.

Kwa hiyo, Ndugu Balozi, kwa heshima na taadhima naomba umwite Ndugu Polikarpo umpe mpaka Saba Saba aseme neno moja: ndiyo au hapana. Akisema ndiyo, alipe, alichukue, na ovaroli yake. Akisema hapana, asionekane tena uani kwangu, si kwa boneti wala kwa bawaba. Na kama atasema ndiyo, naomba pia uweke sharti kwamba gari liendelee kulala bandani kwangu, kwa sababu banda limezibwa kwa kipimo chake na kuku wamelizoea, na kwamba aje kuliangalia kila siku, maana gari la dizeli lisipowashwa mara kwa mara linaharibika.

Nisalimie mama watoto, na pole kwa jino. Zisalimie nyumba zote kumi, pamoja na ile ya kumi na moja ambayo bado mnabishana na balozi mwenzako ni ya nani. Eufrazia ameandika kutoka Nachingwea anakofundisha. Anawasalimu nyote na anauliza gari limeuzwa au bado.

Mwananchi mwenzako katika kujenga taifa,
Adelina, mjane wa Albano

Nyongeza: Nilikuwa natafuta uji wa kugandishia bahasha, mtu akabisha hodi mlango wa mbele, ule asioutumia. Ni Polikarpo. Amevaa shati jeupe, amenyoa, ananukia sabuni. Akasema, "Adelina." Hakusema Mama Eufrazia. Akasema, "Nimeamua." Sikumngoja afike kwenye ndiyo wala hapana. Nikamuuliza, "Tairi la spea umelitazama?" Akasema hajalitazama. Nikamwambia mtu mzima hawezi kuamua juu ya gari ambalo hajaona tairi lake la spea. Akaanza kutabasamu, akakunja mikono ya shati. Sasa yuko nyuma ya gari. Buti limeshika kutu, na kwa ninavyosikia anavyoligonga, Saba Saba itapita kabla halijafunguka.

Karatasi ni adimu siku hizi, kwa hiyo siandiki upya. Tafadhali isome barua hii kinyumenyume: nilipoandika aondoke, soma asiondoke. Usimwite, usimpe tarehe. Na yeye akija kukuomba uwe shahidi wa mauziano ya gari, naomba uwe umesafiri. Lakini akija kukuomba uwe shahidi wa jambo jingine, lisilo na magurudumu, uwepo, na uvae ile kanzu mpya niliyokushonea.